Kifuniko Mkononi

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu aliyeuawa kwa jiwe, mchana kweupe, mbele ya watu wasiopungua hamsini, akifungua mlango wa gari lake mwenyewe. Narudia, lake mwenyewe.

Alikuwa seremala. Mtaani walimwita Bwana Chupa, na mgeni akisikia jina hilo alidhani ni mlevi. Mlevi lilikuwa gari. Lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita laki nne, ringi za pistoni zimekwisha, na kila kilomita mia tano lilikunywa lita nzima ya oili, likitoa moshi wa buluu nyuma. Mafundi walimshauri aifumue injini. Yeye akaweka chupa ya oili chini ya kiti na kuendelea na safari zake. "Mlevi ukishajua kiwango chake, mnaishi vizuri tu," alimwambia mkewe.

Na kweli waliishi. Kila safari alitafuta mahali tambarare, akazima injini, akangoja dakika tano. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakichovya tena. Wakati wa kuongeza, kifuniko cha oili hakikutoka mkononi mwake, maana aliwahi kukisahau juu ya injini kikamdondokea barabarani. Kifuniko mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake.

Alichoahirisha ni milango ya nyuma. Vitasa vya ndani vilikatika, vioo havishuki. Milango ile ilifunguka kwa nje tu. Mama mkwe wake, ambaye kiti cha nyuma kilikuwa chake, alilalamika miaka miwili. Akajibiwa, kwa heshima zote, "Mama, mlango hauchomi oili." Mama mwenyewe anakiri kwamba siku hiyo alicheka.

Sasa sikilizeni, wapendwa. Siku ya tukio alikuwa akimpeleka mama huyu kliniki, kwa ajili ya magoti yake. Njiani akasimama kando ya ukuta wa ghala, akangoja zile dakika tano. Mama akajinyoosha nyuma na usingizi ukamchukua. Bwana Chupa alikuwa ameshafungua kifuniko, hajamimina hata tone, watu watatu walipomtokea na nondo.

Pigo la kwanza lilivunja bega. La pili likatua mdomoni, meno mawili yakatoka. Alipoanguka wakamkanyaga mbavu, wakabamiza boneti, wakaondoka na gari. Hawakumwona mama aliyelala nyuma. Na kifuniko kilibaki mkononi mwa mwenye gari.

Injini isiyo na kifuniko hutapika. Oili ikaruka, ikamwagikia ekzosi la moto, moshi ukaingia ndani. Mama aliamka akikohoa, akagonga kioo kwa ngumi hadi vidole vikachanika. Mbele ya soko injini ikakwama. Wezi wawili walitoka mbio wakatokomea. Wa tatu alidakwa, na watu wakaanza kumponda kwa mateke na matofali. Kelele zilikuwa nyingi, moshi umeziba vioo. Hakuna aliyemsikia mama.

Bwana Chupa alikuja akikimbia, akifuata matone ya oili lami nzima. Shati limelowa damu, mikono myeusi kwa oili, bega linaning'inia. Hakumtazama mwizi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, kwa sababu alijua ulifunguka kwa nje tu. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba huyu ni mwenzao, anataka kukimbia na gari.

Alijaribu kueleza, lakini mdomo ulikuwa umevimba, maneno yakatoka kama mkoromo. Basi akafanya jambo moja la akili. Aliinua mkono wenye kifuniko juu, wakione, wajue ni gari lake. Wao wakaona mkono ulioinuliwa, wenye kitu cheusi. Jiwe likampata kwenye paji la uso.

Hakuanguka papo hapo. Mkono wa pili, ule wa bega lililovunjika, ulikuwa tayari kwenye kitasa. Akavuta. Mlango ukafunguka, mama akamwangukia, wakaenda chini wote wawili. Mama akamwinua kichwa, akampakata. "Nilimwambia, mwanangu, nimetoka, niko hapa," mama ametusimulia. "Akanitazama. Akasema pole. Yeye ndiye aliyenipa pole."

Umati uliyeyuka kama chumvi. Hadi leo hakuna aliyesema, ni mimi niliyerusha.

Kwa mjane wake, kwa watoto, na kwa mama aliyempoteza mkwe aliyemwita mwanangu, sisi wa redio hii tunasema poleni sana. Msiba huu umetuuma.

Nawe uliyekuwa sokoni siku ile, pengine unanisikiliza sasa hivi. Kabla mkono haujainuka tena, uliza kwanza. Swali moja lingetosha. Mama mkwe wake amenipa ujumbe nikufikishie. Hataki kukushtaki wala kukutukana. Kile kifuniko kiko juu ya kabati lake, cha plastiki, hakizidi mdomo wa kikombe cha chai. Anasema uje ukishike mwenyewe, uone kilivyo chepesi.