Mwalimu Tuntufye Anatuachia Okestra

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya kuratibu Okestra ya Vijana wa Ziwa, Mwalimu Tuntufye Mwakajila anastaafu tarehe 30 Juni. Tuliofanya naye kazi tunampenda sana. Pia ametuchosha sana, na hilo hatulifichi.

Alianza na fidla chache katika darasa la kuazima kijijini Makwale, wakati wa likizo. Leo kambi yake inapokea vijana wa Malawi, Zambia na mikoa yetu ya kusini. Tatizo ni kwamba hajui kumkatalia mtu. Kijana akifika bila kuandikishwa, Mwalimu humkabidhi chombo, kisha hutugeukia sisi kuuliza atalala wapi.

Kuna mwaka wageni walikuja Kyela kuamua kama okestra yetu inafaa kwenda kwenye tamasha Nairobi. Siku hiyohiyo ya onyesho, Mwalimu alikwenda mpakani Kasumulu kuwapokea vijana wa Malawi. Vibali vya vyombo vyao alivisahau Makwale! Afisa forodha akataka kujua kama fidla zile ni bidhaa. Mwalimu akawaambia vijana wapige, aone mwenyewe kwamba ni wanamuziki. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi, akasema, "Mmepiga vizuri, mama. Sasa naomba vibali."

Aliyepanda bodaboda kuvifuata, akinung'unika njia nzima, ni mwandishi wa maneno haya. Aliporudi, matope mpaka magotini, alikuta Mwalimu ameshawaita na vijana wa Kyela, wanafanya mazoezi pembeni ya foleni ya malori. Madereva wamezima injini. Asifiwe, mpiga selo, ile fidla kubwa, wa Ngana ambaye kila mara alikimbiza muziki akawaacha wenzake, safari hii aliwasubiri.

"Jubilate, usinigombeze kwanza," Mwalimu alisema. "Sikiliza."

Jubilate alisikiliza. Hasira zilikuwepo bado, ila machozi yalizitangulia.

Okestra ilichelewa ukumbini, ikapiga, ikachaguliwa. Mwalimu hajaomba radhi hadi leo. Asifiwe sasa anafundisha selo kambini.

Jubilate ndiye mratibu mpya. Alipoomba maelekezo ya kazi, aliambiwa tu, "Utaweza, mwanangu."

Ndaga fijo, asante sana, Mwalimu. Kapumzike shambani na kokoa yako, ulale usingizi mzuri, Mungu akupe afya na miaka mingi. Na tukikupigia simu mwezi wa saba, tafadhali sana, pokea.

Jubilate, kwa niaba ya wafanyakazi wote