Amina ya Bi Concezia

Miaka thelathini na minane, miezi miwili na siku kadhaa ambazo yeye anazikumbuka na sisi tumezisahau: huo ndio utumishi wa Bi Concezia Di Sabatino katika Tanuri la Berardo, duka letu la biskuti na keki hapa Pietrascura. Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, anavua aproni na kustaafu. Nimeombwa mimi, Quirino, msimamizi wa zamu, niandike wasifu wake kwa kuwa ndimi niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote. Nimekubali, ingawa sikustahili kuombwa, na sababu mtaiona.

Alikuja kazini akiwa na miaka ishirini na saba na chuma alichorithi kwa bibi yake mkononi: mabamba mawili yenye mikono mirefu, yanayofungana kama kitabu, ya kuchomea ferratelle, biskuti zetu nyembamba. Kwetu Abruzzo chuma hicho hupewa bibi harusi, na herufi za jina huchongwa ndani yake, basi kila biskuti hutoka na jina la mwenyewe. Wateja wa tanuri hili wametafuna herufi za bibi yake Concezia kwa miaka ishirini na tisa na hakuna aliyelalamika.

Kanuni ya mapishi ni ya ukoo wao. Kila yai na kijiko chake cha sukari na kijiko chake cha mafuta, ganda la limau, anisi, na unga wa kutosha. Ukimuuliza wa kutosha ni kiasi gani, anakutazama kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. Na muda? Salamu Maria upande wa kwanza, geuza, Baba Yetu upande wa pili.

Padri wetu, Don Ezio, aliwahi kumkemea kwa kugeuza sala kuwa saa ya jikoni. Concezia hakuinua hata macho. “Padri, saa ya mnara wako imekwama tangu Pasaka. Nisali au nibahatishe?” Don Ezio aliondoka na biskuti sita, akimtafuna bibi wa watu njia nzima.

Sisi wenzake tulimtania kwa ile midomo yake iliyocheza bila sauti. Tulisema anaongea na unga. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyesogea karibu kusikiliza anasema nini.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Miaka tisa iliyopita Bwana Berardo aliniuliza kama tununue mashine ya umeme. Nikajibu mbele ya watu wote, tena kwa madaha: “Mashine haisali, bosi, lakini haichoki.” Watu wakacheka. Concezia naye akacheka, akakitundika chuma msumarini, akanawa mikono, akaenda kusimama dukani kuhudumia wateja. Amesimama huko hadi leo. Kila asubuhi alinisalimia vizuri, nami nikajiambia kwamba yameisha. Sikumuuliza hata mara moja kama lile neno lilimuuma.

Mwezi uliopita mashine ikaungua, siku moja kabla ya harusi ya mpwa wake Bwana Berardo, na ferratelle mia tatu zilikuwa zimeahidiwa. Nikakiangua chuma msumarini kwa kujiamini kabisa. Kanuni naijua, sala nimefundishwa tangu utotoni, shida iko wapi? Ya kwanza ikatoka nyeupe, imeng'ang'ania bamba. Ya pili hivyo hivyo. Ya tano Bwana Berardo akashindwa kuvumilia: “Quirino, unasali au unakimbizwa na mbwa?”

Concezia akatoka dukani. Kuinua chuma kile kizito hawezi tena, maana kiwiko cha mkono wake kilivunjika kwenye barafu majira ya baridi yaliyopita. “Shika wewe,” akaniambia. “Mimi nitasali. Safari hii kwa sauti, maana naona wewe ni mzito wa kusikia.”

Akaanza taratibu. Alipofika “sasa na saa ya kufa kwetu” mimi tayari nimekaza mikono nigeuze. Akanipiga kofi begani. “Bado!” Akaendelea: “Na Berardo, mpe usingizi. Na Loreta wa kwenye keki, mtoto wake apone kifua. Na Quirino, mpunguzie haraka. Amina. Haya, geuza.”

Ikatoka rangi ya asali, herufi zote zikisomeka.

Nilimuuliza ameniombea hivyo tangu lini. “Tangu mashine yako,” akasema. “Kila Jumamosi nachomea wajukuu nyumbani kwa chuma chepesi cha dada yangu, na wewe umo. Nilikuwa na hasira, Quirino. Nikaona nikuombee, la sivyo nitakutukana.” Kisha akarudi dukani, kulikuwa na foleni.

Mia tatu tulizimaliza, na majina aliyoyaombea nimeyahifadhi. Lakini miaka tisa ni mingi, na mtu aliyekuwa hatua kumi kutoka kwangu ningeweza kumfuata wakati wowote. Najuta. Nayaandika haya hapa kwa kuwa nililisema lile neno mbele ya watu, na inafaa msamaha nao uombwe mbele ya watu. Bi Concezia, nisamehe.

Chuma kinaondoka naye, kama desturi inavyotaka. Mjukuu wake anaolewa Aprili, na kumwomba akiache kungekuwa kumdhulumu binti wa watu. Sisi tunabaki na mashine, ambayo imetengenezwa, na ambayo hulia kengele biskuti zikiiva.

Bi Concezia, kwa niaba ya wote kumi na mmoja tunakushukuru. Mungu akupe uzee mwepesi, mkono usiouma na Jumamosi nyingi jikoni kwako. Na ukisikia wateja wananung'unika, ujue sababu. Kengele hulia kabla sijafika kwenye Amina. Siku hizi naiacha ilie mpaka nimalize jina lako. Biskuti zinaungua kidogo pembeni.