Ubeti wa Mwisho wa Mama

"Toba! Mama yako yu hai, nawe umeshamtungia utenzi wa maziko?" Fundi saa mzee alimaka mpaka basi zima likageuka. Nyuma yake, mwanachuo ambaye kwao wanamwita Redio alitega sikio likataka kuchomoka.

"Kaniagiza mwenyewe, baba," alijibu mshonaji aliyeketi naye. "Anapasuliwa leo, anataka nimsomee kwanza. Yeye kifo anakikaribisha kama mgeni aliyechelewa chai! Mimi humo nimemweka Lazaro, yule aliyefufuliwa na Yesu, na ubeti wa mwisho siuandiki ng'o. Nikiumaliza, ataondoka."

"Mwanangu, hata Lazaro alikufa tena. Mpe mama shairi lake zima."

"Na mfalme Hezekia wa Biblia je? Alilia, akaongezewa miaka!"

"Alilia mwenyewe, hakuliliwa na binti yake."

Mshonaji akafinyafinya upindo wa kanga. Kituo alichopaswa kushuka Redio kilipita, naye wala hakujali.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Simu ya mshonaji ikalia, akaipokea.

"Nimefika, mama, nakuja kukusomea." Akainuka kushuka. "Ila ubeti wa mwisho utausikia kesho."