Mwalimu Tadeo, Aliyeulizwa Yuko Mtandao wa Nani

Wazee wetu shikamooni, Padri, viongozi mliowekwa mbele, nanyi mliokosa viti, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu, na kila tarehe imehakikiwa mara mbili, maana marehemu hakuamini habari isiyo na tarehe.

Marehemu Tadeo Ignasi Margwe alizaliwa Gendabi tarehe 14 Machi 1954, akasoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari Mbulu, akahitimu ualimu mwaka 1975. Alianza kazi Hirbadaw Januari 1976, akahamishiwa Basotu mwaka 1988, na mkoa wa Arusha ulipogawanywa mwaka 2002 akajikuta yuko Manyara bila kufunga hata begi, na alipoambiwa kwamba sasa maendeleo yamesogezwa karibu, aliuliza, "Karibu wapi, na lini?", akaandika jibu kwenye daftari. Daftari hilo hakuliacha tena.

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa na Philomena, wakajaliwa watoto wanne, wawili wana digrii, ajira bado, tuendelee.

Alistaafu mwaka 2009 akarudi Gendabi, na Agosti 2010, akisaidiwa na binti yake Judica, alifungua blogu pale Katesh, akapanga humo ahadi za kila mgombea udiwani, kila moja ilitolewa wapi, lini, na leo kuna nini pale, ili mwenye simu asome kabla ya kupiga kura. Tarehe 14 mwezi huo alisimama kwenye mkutano wa kijiji akatangaza kwa furaha, "Ndugu zangu, mimi sasa niko kwenye mtandao." Wenyewe mnakumbuka, siku zile mtandao lilikuwa jina la kundi la wakubwa wanaobebana kwenye vyeo, kwa hiyo Mzee Nicodemo, mfugaji, jirani yake, aliinuka na fimbo yake akauliza, "Mwalimu, mtandao wa nani?", naye akajibu, "Wa dunia nzima," akaharibu kabisa. "Basi wamekununua wengi," alisema Nicodemo.

Majirani hawakuja kupukuchua mahindi yake mwaka ule, Mama Philomena akapukuchua peke yake, na marehemu aliumia sana, kwa sababu alitaka kitu kimoja tu, mtu wa Gendabi apige kura akijua. Hakubishana, alichapisha kurasa zile akazibandika kwenye ubao mbovu wa shule, akausimamisha kwenye mashine ya kusaga, akaandika juu, "Penye kosa nisahihishe." Wa kwanza alikuwa Nicodemo, akadai ahadi ya lambo haikutolewa Juni 3 bali Juni 5, siku ya mnada, na alikuwa sahihi, marehemu akarekebisha kwenye simu mbele yake, mzee akatazama tarehe ikibadilika, akasema, "Kumbe huu mtandao unasikia."

Februari 2015 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Haydom, akafariki tarehe 19 Agosti saa mbili asubuhi. Saa nne, mwili ukiwa bado hospitali, gari lilisimama nyumbani, wakashuka watu wawili tusiowajua ukoo, wakatoa pole, kisha, "Samahani mama, ile simu ya mwalimu iko wapi?" Mama Philomena akawauliza, "Ninyi ni mtandao wa nani?" Wakaaga, na chai hawakumaliza. Kura ni tarehe 25 Oktoba. Familia haimtaji mtu, we are just asking.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Haydom, walimu wenzake, majirani mliopukuchua mahindi mwaka huu bila kuitwa, na Mzee Nicodemo aliyeanza kuchimba kaburi kabla ya vijana kuamka. Simu ipo, password wanayo watatu, msihangaike kuitafuta. Na mheshimiwa yeyote atakayepewa nafasi ya rambirambi akajisikia kuahidi chochote, karibu sana, leo ni tarehe 22 Agosti 2015, tuko Gendabi.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, ubao haujafutwa.