Madeni ya Miji Niliyoyaruka

Amani kwenu mliotoka vitongoji vya Rooty Hill na St Marys, huku ugenini, na mvua hii. Majina yenu nayajua yote, na ya watoto wenu, lakini leo sitaji hata moja.

Kikundi chetu cha akina mama kilinikabidhi hazina ya mazishi kwa sababu ya kumbukumbu hiyo. Darasa la tatu sikumaliza, ila sisahau nani katoa, nani bado. Pesa ilipokuwa nyingi tukaiweka kwenye mfuko wa uwekezaji unaokopesha kaunsili, yaani halmashauri za miji. Nilisema mji haufi, utalipa tu. Ndugu zangu, mimi niliyekimbia serikali yangu kwa miguu, nikaamini serikali ya wengine bila swali.

Kila miezi mitatu karatasi ya hesabu ya mfuko ilikuja. Dada mmoja nesi, Mkenya, alinisomea. Akifika kwenye madeni ya muda mrefu ya ile miji, namwambia aruke, aniambie tu tumepata ngapi. Tulikuwa tunapata.

Kisha mwenzetu akafa. Tulikuwa tumemwahidi atazikwa kwetu Uvira, karibu na mama yake. Nikaomba pesa. Mfuko ukajibu kwamba miji imelemewa na madeni, hakuna kutoa kwa sasa.

Tukamzika hapa. Sikulia. Nilirudi nyumbani Seven Hills nikamenya viazi vyote vilivyokuwamo, na mimi naishi peke yangu. Miezi ikapita hivyo. Simu ikiita, naiangalia tu.

Siku moja nesi akaja, akatandaza karatasi zote mezani.

“Bibi, leo haturuki.”

Akasoma deni la kila mji, karatasi kwa karatasi. Ili nisisahau, kila mji nikaupa jina la mtu wa soko letu la Uvira. Kwenye karatasi ya nne nikamzuia. Mji mmoja ulikuwa unakopa upya kulipa deni la zamani, na deni linapanda. Sokoni mtu wa hivyo hakupewa hata chumvi kwa mkopo.

“Huyu namjua,” nikasema.

“Ni mji, Bibi.”

“Namjua.”

Mfuko ulipofunguliwa tulitoa tulichokuta, pungufu, tukahamia mwingine. Madeni ya miji yake nayashika kichwani. Mwaka huu mji mmoja ulianza tabia ile ile, tukatoka mapema. Baba wa mwenzetu mwingine alipofariki juzi, pesa ilitosha, na mwili wake umefika Bujumbura akazikwe kwao.

Namshukuru nesi. Nawashukuru nyinyi mliochangia jeneza la yule wa kwanza bila kuniuliza kitu. Nawaambia, kabla ya kufurahia anachokupa mkopaji, uliza anadaiwa na nani, na tangu lini.

Machozi bado hayajaja. Watoto wa yule tuliyemzika hapa wananiita Bibi kama zamani, nami naitika.