Dallin Kauzwa, Nani Kapata?

Benchi la kijiwe cha mashabiki wa hoki liko mlangoni mwa uwanja wa barafu wa Wapiti Creek, kwenye tambarare za Saskatchewan, Kanada, ubavuni mwa birika la kahawa. Asubuhi ile ya Januari vikombe vilipoa bila kunywewa. Redio ilikuwa imetoka kutangaza kwamba timu yao ya hoki imemtoa Dallin Fehr, mshambuliaji nyota, kwa timu nyingine, na kupewa kipa mmoja badala yake. Verna, ambaye Dallin alikuwa akiishi kwake tangu ajiunge na timu, kama wachezaji vijana wanavyopangiwa nyumba za wenyeji, aliisikia habari hiyo palepale, pamoja na wengine.

— Tumeibiwa mchana kweupe! akafoka Gord, dereva wa mashine ya kulainisha barafu, waliyembatiza jina la Pasi.

— Tulia, Pasi, akasema Orest kinyozi, ambaye kijiwe kizima kilimwita Jaji. Tunafunga matano, tunafungwa sita. Kwa kipa huyu tumelamba dume.

— Dume gani! Kocha anamwonea kijana wivu tu.

— Goti lake limekwisha, bwana. Wamemsukuma kabla watu hawajajua.

— Goti? Tajiri mwenye timu anaihamishia Marekani! Hapa patakuwa ghala la ngano!

— Basi na wewe utalainisha ngano.

Kicheko kilianza, kikakatikia njiani. Verna alikuwa hajacheka.

— Goti ni zima, akasema. Jana kapanda ngazi zangu mbio, anaimba. Leo nimeamka hayupo. Nikajua kawahi mazoezi.

— Hakukuaga, dada Verna? akauliza Pasi.

— Hata neno.

Jaji akammiminia kahawa ya moto.

Mlango ukasukumwa, baridi ikawavamia. Aliingia kijana mrefu, begi la vifaa vya kipa begani, nyusi zimeganda theluji.

— Samahani, wazee wangu. Mimi Emile Gaudet, kipa mpya. Ofisini pamefungwa. Nitaishi kwa nani?

Pasi akamtazama Jaji. Hakuna aliyekuwa ameambiwa chochote.

Verna alitaka kumchukia. Alijaribu kwa moyo wote. Lakini kijana alikuwa anatetemeka, na macho yake mekundu yalionyesha kuwa na yeye kuna mahali ameondoka bila kuaga.

— Kwangu, akasema hatimaye. Ila unisubiri kidogo, mwanangu. Kitanda cha Dallin sijakitandua.