Karakana ya Masaka Yakabidhiwa kwa Arnaud

Mheshimiwa Katibu Mtendaji wa Sekta, wachungaji wetu, muuguzi Natacha, mama mzazi wa Arnaud, mafundi wenzangu wa Gikondo, ndugu wageni waalikwa: murakaza neza, karibuni sana kwenye karakana hii ya Masaka.

Mimi Zephaniah nimezoea grisi kuliko vipaza sauti, mtanivumilia. Haya nitakayosema Arnaud ameniruhusu. Kaniambia, "Muzee, usiposema wewe, watasema wengine vibaya."

Arnaud alikuja kufanya kazi karakanani kwangu Gikondo akiwa ameshaacha heroini, ameacha kweli. Lakini, ndugu zangu, nani alituambia kwamba mtu akiacha sindano, mwili nao husahau? Alikuwa amejidunga miguuni mpaka damu ikaganda na mishipa ikaharibika. Damu iliyopaswa kupanda kurudi moyoni ikawa inatuama chini. Mguu wa kushoto ukavimba, ngozi ikawa nyeusi, kidonda kikatoboka juu ya kifundo, kikakataa kufunga. Akakificha ndani ya buti. Sisi tukasikia harufu, tukalaumu mtaro.

Siku moja homa ilimtetemesha akiwa chini ya gari. Nikamwambia, "Twende hospitali."

"Siendi, muzee. Watatafuta mshipa wa kutoa damu, watakosa, halafu wataniangalia usoni. Ile sura naijua."

"Basi wataniangalia na mimi."

Alitupokea Natacha. Hakushangaa, hakuhubiri. Alivuta kiti, akamuuliza, "Mshipa gani bado unakubali?" Arnaud akanyoosha mkono. Ule mshipa nao ulipogoma, Natacha akaleta mashine inayoonyesha mishipa iliyojificha, akaupata mwingine. Dawa zikaingia, homa ikashuka. Madaktari walipohakikisha kwamba damu inafika vizuri mguuni, Natacha akaanza kumfunga bandeji za kubana, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti.

"Mishipa itarudi kama zamani?" Arnaud aliuliza.

"Hapana. Ila kidonda kinaweza kufunga, na wewe utatembea."

Mnadhani ilikuwa rahisi? Bandeji zilimwasha, alizichukia. Safari moja alizifungua akazitupa. Kidonda kikapanuka, akarudi kwa Natacha kichwa chini. Natacha akafunga upya, akamwuliza habari za mama. Kazini akawa anapumzika mguu ukiwa juu ya tairi. Mafundi wakamcheka, kisha wakazoea, kisha wakawa wanamsogezea tairi wenyewe. Kidonda kikafunga polepole, kutoka kingoni kuja katikati. Siku kilipoisha alikunja suruali mbele yetu akapiga kelele, "Angalieni! Ngozi!" Na sisi, wanaume wazima, tukakipigia makofi kifundo cha mguu.

Sitawadanganya. Jioni mguu bado huvimba, na soksi ya kubana ataivaa maisha yake yote. Mwili wake hautakuwa ule wa zamani. Lakini injini iliyowashinda watu wote Gikondo hupelekwa kwa nani? Wateja wakipiga simu, humtaja nani?

Wapo watakaosema nimemhurumia. Mheshimiwa, huruma humnunulia mtu chai, haimkabidhi karakana. Nimemkabidhi kwa sababu ni fundi bora kuliko mimi, na gharama ya kufika hapa ameilipa kwa mwili wake.

Natacha, mama, nawashukuru. Nanyi nyote, murakoze cyane kwa kunipa masikio yenu. Arnaud, fungua mlango; kazi inasubiri.